Betri za Msonobari

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu wengi waliosema wako hai, na wanajijua.

Baba yangu mdogo, ndugu wa marehemu baba, alisema siku ileile niliyorudi, mbele ya watu waliokuja kunipokea kijijini kwake Hasamba, kwamba mtu aliyekaa kwenye mashimo ya shaba Zambia miaka kumi na minne hurudi na vitu viwili, kikohozi na redio. "Huyu hata redio hana," akaongeza, na watu wakacheka hadi kuku wakatimka uani. Seremala wa kanisa alisema mbao ni za milango na majeneza, hazijawahi kuwa za umeme. Madereva wa Tunduma walisema kwa ufupi zaidi: "Betri ya mbao? Ikifa tutapikia ugali."

Mimi nilikuwa na diploma. Naitaja mapema ili msomaji asihangaike kuitafuta. Niliipata kwa masomo ya jioni, baada ya zamu, katika chuo cha ufundi huko Kopabelti, kwenye ukanda wa migodi ya shaba, na katika darasa letu la umeme Mtanzania nilikuwa peke yangu, na wa kwanza nilikuwa mimi. Mchana nilifanya kazi kwenye chumba cha betri cha mgodi. Kule chini ya ardhi vichwa vya treni vinavyovuta mawe haviendeshwi kwa dizeli, vinaendeshwa kwa betri, kila moja kubwa kama kitanda, na aliyezifungua, kuzisafisha na kuzirudishia uhai alikuwa huyu anayeandika. Mgodi ulipoanza kupunguza watu, wageni tulitangulia kutoka. Nikarudi nyumbani na cheti changu ndani ya mfuko wa plastiki, koleo mbili, na wazo moja.

Wazo lenyewe lilitoka kwa msimamizi wetu mzee aliyekuwa karibu kustaafu. Siku moja tukiwa tumefungua betri, alishika kile kijikaratasi cha plastiki kinachokaa kati ya pleti na pleti, akasema kwamba ujana wake hakukuwa na plastiki. "Tulikuwa tunaweka mti," alisema. "Mti laini, mwembamba, uliochemshwa. Ulifanya kazi." Wenzangu walidhani mzee anatania. Mimi niliandika kwenye daftari.

Betri ya gari si kitu cha ajabu kama watu wanavyodhani. Ndani mna pleti za madini ya risasi, chanya na hasi, zimepangwa kama vipande vya mkate, zimezama kwenye tindikali. Kati ya pleti na pleti kuna kile kijikaratasi, sisi mafundi tunakiita separeta. Kazi yake ni kuzuia pleti zisigusane, huku ikiruhusu tindikali kupita. Ikioza, pleti hugusana na betri hufa, hata kama pleti zenyewe bado zina nguvu. Kwa hiyo katika betri nyingi zinazotupwa kilichokufa ni kitu chepesi kuliko jalada la daftari.

Na Tunduma ya wakati ule ilijaa betri zilizokufa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye uwezo ananunua lori, malori yanapanga foleni kuingia Zambia hadi nje ya mji, na dereva anayesogea hatua kumi kila saa huwasha na kuzima injini siku nzima. Hapo ndipo betri zinapokwisha. Mpya ilitoka Dar es Salaam au ililetwa kutoka ng'ambo kwa bei ya kumwumiza mtu. Vijijini ndiyo kabisa: mkulima wa kahawa alikuwa anauza magunia ili apate betri ya kuwashia taa moja na redio, na mwaka uliofuata imekufa. Separeta hakuna aliyeziuza. Nikaona kwamba kinachokosekana kipo kimesimama msituni na kina majani.

Sasa nisimulie juu ya kiwanja, maana bila kiwanja hakuna habari.

Marehemu baba alimwachia mama kiwanja Tunduma, kando ya barabara kuu, chenye nyumba ya vyumba vitatu na jiko la nje. Mama aliishi hapo peke yake, akipika chakula na kuwauzia madereva. Hakuwa na sehemu nyingine. Kama angetoka pale, angekwenda kukaa Hasamba kwa shemeji yake, yaani yule baba mdogo aliyenicheka, na mama alikuwa ameapa kwamba atakaa kwa shemeji siku akiwa amebebwa.

Jirani yetu wa mtaa wa pili alikuwa Hajji mmoja mwenye malori, mtu wa kutoka Kondoa aliyehamia kwetu kwa biashara. Nyuma ya gereji yake palikuwa na mlima wa betri zilizokufa. Nilikwenda kumwomba.

"Shikamoo, Hajji."

"Marahaba, mtoto wa mama lishe. Nasikia umerudi na dawa ya kufufua wafu."

Nilimweleza. Nilimwonyesha cheti. Alikisoma chote, hata nyuma ambako hakuna maandishi.

"Nitakukopesha betri kumi na mbili," alisema. "Mimi ni mfanyabiashara, sitaki hela yako maana huna. Nirudishie sita zinazowasha lori, sita zilizobaki chukua wewe. Kabla ya mvua za kwanza. Lakini madini ya ndani yake nauza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na wewe ukinivurugia nimepoteza. Utaweka nini?"

Sikuwa na cha kuweka. Mama ndiye aliyeweka. Alikuja na karatasi ya kiwanja ndani ya kopo la maziwa, akampa Hajji mkononi, akasema, "Mwanangu akishindwa, egesha malori yako hapa. Nami nitafunga mzigo." Nilimtazama nikitaka kumzuia. Akanijibu kwa Kinyiha, maneno machache ambayo kwa Kiswahili ni kusema: usiniangalie mimi, angalia kazi.

Kwa hiyo tangu siku ile nilijua ninachofanyia kazi. Betri sita, au jiko la mama.

Mti ulipatikana kwa baba mdogo. Alikuwa na misonobari iliyopandwa mpakani mwa shamba lake la kahawa, na msonobari una nyuzi zilizonyooka, unapasuka vizuri. Alinipa mmoja kwa mkopo, na alisema "mkopo" huku akiwaangalia watu. "Ukishindwa utanirudishia mti," alisema. "Uliosimama." Seremala wa kanisa akanikopesha randa yake ndogo, ileile ya kusawazishia majeneza, kwa sharti kwamba nisimpigie mtu yeyote hadithi kwamba amenisaidia.

Nilikuwa na mikono mizuri, na bado ninayo. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nimeranda vipande mia na zaidi, kila kimoja chembamba kiasi kwamba ukikiinua juani unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Lakini mti mbichi hauwezi kuingia kwenye betri hivihivi. Una utomvu, na una uchachu wake wa ndani ambao hula pleti. Mzee wa mgodini alisema wao waliuchemsha kwenye soda kali ya kiwandani. Soda ile Tunduma haikuwepo. Nikafikiri, na nikajiona mwerevu sana: soda ni soda, na sisi tunayo magadi. Kila duka la sokoni lina magadi, mawe meupe ya kulainishia maharage na kunogeshea mboga. Nikanunua mfuko mzima. Nikachukua pipa la mama lililokatwa nusu, lile la kuchemshia makande ya madereva, nikachemsha mbao zangu kwenye magadi siku nzima, nikazisuuza mara moja kwa maji ya kisima, nikazipanga kati ya pleti, nikaziba kwa lami, nikajaza tindikali, nikaanza kuchaji.

Wakati wa kuchaji palikuwa na harufu. Kali, ya kuchoma pua, kama dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Mgodini sikuwahi kuisikia harufu ile. Nilijiambia ni utomvu unatoka. Nasema ukweli hapa ingawa haunipambi: fundi akisikia harufu asiyoijua aache kazi aulize. Mimi sikuuliza, kwa sababu ya diploma.

Betri mbili za kwanza ziliwaka vizuri. Hajji mwenyewe alikuja, akapima, akatikisa kichwa kwa kukubali, akaamuru zifungwe kwenye lori lake lililokuwa na safari ya Lubumbashi. Ilikuwa Julai, na Tunduma Julai asubuhi ni baridi ya kutoa moshi mdomoni. Lori lilifika katikati ya foleni ya mpakani, siku ya tatu, na pale, mbele ya mawakala, wabadilisha fedha, wauza mayai na nusu ya watu wa Nakonde, mji wa Zambia ng'ambo ya mpaka, halikuwaka.

Nilikuwepo. Dereva alifungua mlango, akanitafuta kwa macho kati ya watu, akaniona.

"Fundi! Njoo tusukume mti wako!"

Tulisukuma watu kumi na wawili. Dereva mmoja wa Zambia aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni alitoa kichwa dirishani akaita, "Awe, mudala!" yaani la, mzee. "Huku kwetu mbao tunafungia nyumba!" Kicheko kilipita mstari mzima wa malori kama upepo kwenye mahindi. Mimi nilisukuma bila kuinua uso. Hadi leo mtu akisema Julai, mgongo wangu unakumbuka.

Hajji hakupiga kelele. Hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu, "Mbili zimeondoka. Zimebaki kumi. Na mvua haijabadilisha tarehe." Kisha akaegesha lori moja nje ya ua wa mama, si ndani, nje tu, kwa kupima nafasi.

Nilizifungua zile betri mbili jikoni kwa mama. Pleti chanya zilikuwa zimeliwa, zinamomonyoka kama biskuti kwenye chai. Mbao zenyewe zilikuwa nzima. Nilikaa nimezishika, sielewi. Kama uchachu wa mti ungekuwa umebaki, mbao zingelainika. Hazikulainika. Kitu kingine ndicho kilichokula pleti, na kilitoka kwangu.

Mama alikuwa anachambua mboga. Kwenye ndoo palibaki vipande vya mbao nilivyovichemsha lakini sikuvitumia. Akachukua kimoja, akakiangalia, na kabla sijamwuliza anafanya nini, akakilamba.

"Ina chumvi," alisema.

"Mama, hiyo si chumvi, ni magadi."

"Mimi nimepika miaka mingapi? Magadi yenu haya ya dukani yana chumvi. Mboga ukiitia magadi, hutii chumvi tena, au unatia kidogo sana. Kila mke anajua. Lamba."

Nililamba. Ilikuwa na chumvi.

Msomaji asiyejua betri hawezi kuelewa jinsi nilivyosimama pale. Chumvi ndani ya betri ni sumu. Nilifundishwa hivyo chuoni, niliandika kwenye mtihani, na nilipata alama zote kwenye swali hilo. Mgodini tulikuwa tunakatazwa hata kula karanga kwenye chumba cha betri. Na ile harufu ya kuchoma pua ilikuwa ni chumvi hiyohiyo ikivunjwavunjwa na umeme. Nilijua yote, ila sikujua magadi. Mama alijua magadi, ila hakujua betri. Miezi yote ile tulikuwa tunaishi nyumba moja na jibu limegawanyika katikati ya vichwa viwili.

"Mama," nilisema, "ule wakati wa zamani, kabla ya magadi ya dukani, bibi alikuwa analainisha maharage kwa kitu gani?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa maji yanatoka wapi.

"Majivu."

Tulihamia Hasamba kwa kazi hiyo, yeye na mimi na pipa, kwa sababu kule kulikuwa na kuni, na kulikuwa na chemchemi. Mama ndiye aliyekataa maji ya kisima cha Tunduma. "Yale ukiyachemsha yanaacha ukoko kwenye birika," alisema. "Unafikiri hayataacha kwenye mbao zako?" Nilimkubalia. Kuanzia hapo nilikuwa nimeanza kumkubalia mambo mengi.

Baba mdogo alitupokea kwa furaha ya mtu aliyeona utabiri wake ukitimia. "Karibu, shemeji," alimwambia mama. "Chumba kipo. Nilijua utakuja."

"Sijaja kukaa," mama alimjibu. "Nimekuja kupika."

Alipanga majivu kama mchezo wa bao. Fungu la majivu ya maganda ya maharage, fungu la magunzi ya mahindi, fungu la kuni ngumu za miyombo zilizoungua hadi zikawa nyeupe. Kila fungu aliliweka kwenye chungu chenye matundu chini, akamwagia maji taratibu, akakinga yanayodondoka. Kisha akaonja. Ncha ya kidole, ncha ya ulimi, anatema.

Ya maharage: "Yanauma, lakini kuna chumvi kwa mbali." Yakamwagwa.

Ya magunzi: "Haya nayo." Yakamwagwa.

Ya miyombo alionja mara mbili, akafuta mdomo. "Haya yanauma tupu. Hayana ladha nyingine. Haya tulikuwa tunafulia."

Hapo na mimi nilileta changu, msinidharau. Maji ya majivu peke yake yanalainisha maharage, lakini kwa msonobari ni mapole, yangetaka wiki nzima ya moto. Nilijua kutoka darasani kwamba ukiyachanganya na chokaa, chokaa huyapa makali kama ya ile soda ya kiwandani. Na chokaa kwetu si kitu cha kutafuta. Bonde la Songwe watu wanachoma mawe ya chokaa tangu zamani. Nikapanda nyuma ya pikipiki ya mtu anayepeleka mahitaji kwa wachimbaji wa Galula, nikashuka kwenye tanuri, nikarudi na gunia nusu, uso mweupe kama mtu aliyefufuka. Tukachanganya, tukaacha yatulie, tukachukua maji ya juu. Nilitumbukiza unyoya wa kuku kupima makali. Ulianza kuyeyuka. Sijawahi kufurahi namna ile kwa ajili ya unyoya.

"Haya usiyalambe," nilimwambia mama.

"Umekuwa na akili," alisema.

Tulichemsha mbao siku mbili. Maji yalitoka mekundu kama chai, tukamwaga, tukachemsha tena hadi yakatoka meupe. Kisha ikaja sehemu iliyokuwa ya mama. Kusuuza. Mimi ningesuuza mara tatu nikatosheka. Yeye aliziweka kwenye kikapu ndani ya mkondo wa chemchemi, na kila asubuhi alikwenda, akachukua kipande kimoja, akalamba, akakirudisha. Siku ya nne wanawake waliokuja kuchota maji walimwuliza kama mwanawe amemfanya ale mbao. "Nasubiri ziive," aliwajibu. Siku ya sita alirudi na kikapu kichwani.

"Sasa hazina kitu," alisema. "Ni kama kulamba maji."

Nikaongeza la mwisho ambalo mzee wa mgodini alinifundisha, na ambalo mama alilipenda: mti ukishachemshwa hivyo usikauke tena. Ukikauka unapasuka. Tukazibeba mbao kwenye madumu ya maji hadi Tunduma, kama mtu anayebeba samaki hai, na zikaingia kwenye betri zikiwa na maji yake.

Katika betri kumi zilizobaki nilichagua pleti nzima, nikatengeneza sita. Sita kamili, hakuna ya akiba. Nilipochaji, nilikaa na pua juu yake muda wote. Hakuna harufu. Tindikali ilichemka taratibu kwa mapovu madogo, namna inavyotakiwa, na mimi nikawa kama mtu anayesikiliza mtoto mgonjwa akipumua vizuri.

Hajji alifunga mbili kwenye lori lilelile, dereva yuleyule, safari ileile ya Lubumbashi. "Nne nitaziangalia hizi zikirudi," alisema. Dereva alipokuwa anaondoka aliniuliza kama nataka kuja naye, nikae nyuma, ili nisukume.

Wakati ule simu za mkononi hazikuwepo. Lori likivuka mpaka limepotea hadi litakapoonekana. Wiki ya kwanza ilipita. Wiki ya pili. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Momba, na mama akaanza kufunga sahani zake kwenye magazeti, taratibu, sahani mbili mbili, akidhani sioni. Wiki ya tatu ngurumo zikasikika. Kila lori la rangi ya bluu, kama lile la Hajji, lililotokea Nakonde nilisimama. Nilikuwa nimekonda, nakiri. Diploma ilikuwa ukutani, naipita bila kuiangalia.

Lilikuja siku ya Jumamosi, mchana, jua kali. Halikuja gereji. Lilikuja moja kwa moja hadi mbele ya ua wa mama, likasimama, na dereva akazima injini. Moyo wangu ukazima nao. Akashuka, uso hauna kitu, akazunguka lori lote, akaja akasimama mbele yangu.

"Fundi."

"Naam."

"Foleni ya kurudi tumekaa siku tano. Nimewasha na kuzima hadi kidole kina sugu." Akapanda tena, akageuza ufunguo. Injini iliitikia kabla hajaumaliza kuugeuza. Akazima. Akawasha. Akazima. Akawasha, na sasa alikuwa anacheka, anapiga honi, na wauza mayai wote wakageuka. "Mti wako una mizizi, baba!" alipiga kelele juu ya mngurumo. "Una mizizi!"

Mama alitoka jikoni akifuta mikono, akasikiliza ile injini kidogo, akarudi ndani. Nilimsikia akifungua magazeti.

Nimepata mengi tangu wakati ule. Karakana yangu ilikua hadi watu wakaja na betri kutoka Mbozi yote na kutoka ng'ambo. Ziliwasha taa kwenye nyumba ambazo zilikuwa zinauza kahawa ili zione usiku. Baadaye plastiki ikawa rahisi, betri za kuziba zikaja, na mti ukapumzika. Sina uchungu. Lakini siku ninayoikumbuka kwa raha kuliko zote ni ile Jumatatu iliyofuata, mvua ya kwanza ikiwa bado juu, haijashuka, nilipozunguka kuwalipa wote walionikopesha.

Kwa Hajji nilipeleka zile nne, mbili zikiwa tayari kwenye lori. Alipima moja moja. Ya nne alipomaliza alitoa kopo la maziwa chini ya meza, halijafunguliwa. "Mwambie mama yako lori langu linaondoka pale nje," alisema. "Na mbili za kwanza zilizoharibika tumesameheana. Wewe umejifunza, mimi nimecheka."

Seremala nilimrudishia randa imenolewa hadi inanyoa nywele za mkono. Aliijaribu, akauliza kwa sauti ya chini kama sasa anaweza kuwaambia watu kwamba ilikuwa yake.

Kwa baba mdogo nilibeba moja ya zile zangu, ndogo niliyoikusanya kwa pleti zilizobaki, na miche kumi ya msonobari kwenye vifuko. "Ulitaka mti uliosimama," nilimwambia. "Hii ni kumi. Bado mifupi." Kisha nikafunga betri kwenye redio yake iliyokuwa imekaa bubu tangu mavuno. Ikaanza kuimba. Aliiangalia redio, akaniangalia mimi, akakohoa. "Kikohozi umeniachia mimi," alisema, na hayo ndiyo maneno pekee ya kuomba radhi niliyowahi kuyapata kwake. Yalinitosha.

Wa mwisho alikuwa mama. Nilimrudishia pipa, limesuguliwa kwa mchanga ndani na nje, na kopo la maziwa na karatasi yake ndani. Kopo aliliweka mahali pake bila kulifungua. Pipa alilikagua. Akapitisha kidole ndani, chini kabisa kwenye kona, akakiweka ulimini. Nikasubiri kama nilivyosubiri matokeo ya chuo.

"Haya," alisema. "Kesho napika makande."

Mvua ikaanza hapo hapo, kubwa, juu ya bati. Sikudaiwa na mtu yeyote upande wowote wa mpaka. Niliingia chumbani saa nane mchana, mlango wazi, nikalala na viatu.